Shimo Nililolifunika Vizuri

Kila Jumatatu asubuhi, kabla mashine za kuandikia hazijaanza kugonga, mzee anayesafisha jengo letu hapa mjini hupiga deki korido ya ghorofa ya tatu kwa ile dawa nyeusi ambayo ikitiwa majini hugeuka nyeupe kama maziwa. Wenzangu hufungua madirisha na kulalamika. Mimi hubana pumzi na kujifanya natafuta karatasi kwenye saraka. Harufu ile hainijii peke yake. Nyuma yake hufuata harufu ya damu inayoanza kukauka, ya kwato, ya majani mabichi yaliyotoka tumboni mwa ng'ombe, na mara najikuta tena Waithaka, umri wangu miaka kumi, nimesimama kando ya shimo na sepetu mkononi, najiona mtu wa maana sana.

Ukurasa huu nimeuandika mara sita. Kiswahili changu sehemu kubwa nilikiokota mwenyewe kwenye magazeti tuliyofungia matumbo, herufi nyingine zikiwa zimelowa, kwa hiyo sina uhakika na sentensi yangu hata moja. Nawaomba mnivumilie. Jambo lenyewe sijamwambia mtu.

Kichinjio kilikuwa cha Bwana Gathogo. Kilikuwa sakafu ya saruji, nguzo nane, ukuta mmoja upande wa nyuma, mabati juu, na mfereji wa kupeleka damu bondeni. Wamaasai walileta ng'ombe kwa miguu kutoka upande wa Ngong, na kufika saa nne asubuhi nyama ilikuwa imeshapigwa muhuri wa zambarau na kupakiwa kwenda mjini. Mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake waliochukua matumbo, wakayaosha mtoni na kuyauza. Mimi nilimsaidia siku ambazo hakukuwa na shule. Kilichobaki baada ya wote kuondoka kilikuwa cha Wafula.

Wafula alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti nzito ambayo kwaya yetu iliitegemea kila Jumapili. Kazi yake ilikuwa shimo. Kila alasiri alibeba kwa karai kwato, mapafu yaliyokataliwa, maini yenye minyoo na taka zote za tumbo, akayamwaga kwenye shimo kubwa lililokuwa chini ya kichinjio, akatia ile dawa, akafunika na udongo. Alikaa katika chumba kimoja cha udongo kilichoegemea ukuta wa nyuma. Kazi na chumba vilikwenda pamoja. Aliyeipoteza kazi ile jioni hiyohiyo hakuwa na pa kulala. Mwaka ule alikuwa amemleta mkewe Nekesa na watoto, na Nekesa alikuwa amejifungua wa tatu majuzi tu.

Mimi aliniita Karani. Ni kwa sababu niliyapanga matumbo yaliyooshwa kwa ukubwa wake, na kwa sababu aliwahi kunikuta nalia njiani kwa kupata kumi na tisa juu ya ishirini.

"Karani, leo kwato ngapi?" angeniuliza.

"Ishirini na nane."

"Andika. Moja ikipotea nakupeleka kortini."

Na hazikupotea, ingawa kwa maana nyingine zilipotea zote. Bonde lile lilipinda kuelekea msituni, na katika vichaka vya pale kwenye kona waliishi fisi. Jua likizama tuliwasikia wakianza, mmoja kwanza, kwa ile sauti inayopanda kama swali, kisha wengine wakimjibu. Sisi tulikuwa ndani tukila. Asubuhi ukienda shimoni ulikuta pembe tu na udongo uliochimbuliwa. Wafula aliwaita wale wa zamu ya pili. "Mimi natoka, wao wanaingia," alisema. "Hawachelewi na hawaombi likizo. Bwana Gathogo angejua angewaandika kazi, mimi anifukuze."

Mbuzi wetu walilala katika mazizi ya vijiti ambavyo leo nisingeamini kwamba vinaweza kumzuia hata mbwa. Lakini tangu nipate akili sikuwa nimesikia mtu wa kwetu amepoteza mbuzi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wengine walisema fisi ni waoga. Mama alisema ni neema ya Mungu.

Nyanya yangu, tuliyemwita Cucu, ndiye peke yake ambaye hakuwatukana. Alipokuwa msichana, kabla ya misheni, watu wa kwetu hawakuzikwa, isipokuwa wazee wachache wenye mali. Walipelekwa kichakani, na fisi wakamaliza kazi. "Wale ndio walituzikia watu wetu," Cucu angesema, akigonga kikopo cha ugoro kwenye goti. Mama, aliyekuwa kiongozi wa akina mama kanisani, angekohoa na kuuliza habari za mahubiri. Mimi pia niliona haya. Nilikuwa mtoto wa shule, soksi zangu zilikuwa nyeupe, na sikupenda kufikiri nani alimmaliza babu yake babu yangu.

Kisha mipaka ya jiji ikapanuliwa ikatumeza, tukawa watu wa Nairobi bila kuhama hata hatua moja. Pamoja na jiji akaja bwana afya mpya, kijana mwenye pikipiki na koti jeupe. Alilichokoa shimo kwa fimbo, akaiangalia ncha yake.

"Hii si kufunika," alisema. "Hii ni kutia chumvi."

Akamwambia Bwana Gathogo kwamba akikuta tena mifupa nje atafunga kichinjio. Bwana Gathogo akamfokea Wafula mbele ya wachinjaji wote. Wafula akasema ndiyo bwana, ndiyo bwana. Kesho yake akafunika vilevile kama zamani, udongo wa unene wa kidole. Nilimwona, na naapa nilisikia maumivu mwilini, kama mtu anayetazama mwenzake akiandika nje ya mstari.

Mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, Wafula akapata habari kwamba baba yake amefariki. Ilibidi aende kumzika. Wachinjaji walikuwa watu wa visu. Hakuna aliyetaka kushika shimo. Mama akasema yeye na mimi tutalitazama mpaka arudi, na Bwana Gathogo akakubali. Siku ya kuondoka, Wafula alinipeleka akanionyesha kazi. Alikuwa amevaa koti la kanisani, na macho yalikuwa mekundu, lakini bado alinitania.

"Sikiza, Karani. Hii dawa mwaga kidogo tu, upande huu pekee. Huo mwingine usiguse. Mchanga, weka juu juu tu. Usijitese."

"Na bwana afya?"

"Bwana afya anakuja asubuhi. Asubuhi hapa iko nini? Hakuna kitu." Akacheka. "Mimi na hawa wengine tunaelewana."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyesikia. Nilichosikia ni uvivu. Mama mwenyewe alikuwa amesema mara nyingi kwamba Wafula ni mtu mwema lakini mikono yake ina usingizi. Nikaamua nitamwonyesha.

Mama alikuja nami siku ya kwanza tu. Siku zilizofuata alikuwa na matumbo yake, akaniachia. Nilimwaga dawa kila upande mpaka macho yakaniwasha. Nilishusha udongo karai baada ya karai, nikaukanyaga, nikaupigapiga kwa sepetu hadi ukalia kama sakafu. Juu nikapanga mawe, makubwa pembeni, madogo katikati. Mwisho nilichukua ufagio wa matawi nikachora mistari iliyonyooka, kama ile ya uwanja wa kanisa Jumamosi jioni. Nilirudi nyumbani viganja vimetoka malengelenge, na sikumwonyesha mtu, maana nilitaka wayaone wenyewe.

Siku ya tatu bwana afya akapita. Aliligonga shimo kwa fimbo, fimbo ikaruka.

"Nani amefunika hii?"

"Mimi."

"Wewe? Umewashinda wanaume wa hapa." Akaandika kitu katika daftari lake. Sikuwahi kujua aliandika nini, lakini kwa wiki nzima niliishi kwa daftari lile. Kesho yake nikaongeza mawe.

Asubuhi zile nilikuta mikwaruzo ya makucha kuzunguka mawe, na mavi meupe ya fisi karibu na ukuta wa Nekesa, mahali ambapo hawakuwa wakifika. Lazima niseme nilivyoiona mikwaruzo ile: niliiona kama uchafu kwenye daftari langu. Niliifuta kwa ufagio.

Siku ya sita walivunja zizi la jirani wakachukua mbuzi. Siku ya saba wakachukua wawili, kwengine. Siku ya nane ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo, jua bado lipo, na Mama Wairimu, mjane aliyekaa mteremkoni juu yetu, alikuwa akimfungua mbuzi wake malishoni. Fisi akatoka kwenye mahindi akamshika mbuzi. Mama Wairimu hakuachia kamba. Fisi akamwacha mbuzi akamwuma yeye, mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Mkono ule haukunyooka tena, na hadi leo anafulia nguo kwa mmoja.

Jioni ile Cucu alikaa jikoni akiwasikiliza walivyokuwa wakilia karibu.

"Hao wana njaa," alisema. "Ni nani amewafungia chakula?"

Nilikuwa nachambua mchicha. Niliendelea kuchambua.

Wafula alirudi Jumamosi mchana. Hata koti hakulivua. Alishuka shimoni moja kwa moja, nami nikamfuata, kwa sababu, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nataka aisifu kazi yangu. Alilizunguka shimo mara mbili.

"Karani. Umejengea kwato kaburi ya mfalme." Halafu akaacha mzaha. "Hawa wengine wamekula nini wiki nzima?"

Akaanza kuondoa mawe, moja moja, akiyatupa kando. Alichimbua udongo mpaka harufu ikatoka. Hakunigombeza. Alisema tu, bila kunitazama, kwamba chakula cha mtu ukikifungia kabatini anakwenda kutafuta kwa jirani. Usiku huo hakuna zizi lililoguswa.

Lakini watu walikuwa wameshaitana. Jumapili baada ya ibada walikusanyika pale kichinjioni, na walisema Kiswahili ili Wafula asikie. Chini yetu shimo lilikuwa wazi, mifupa imetawanyika kila upande.

"Akiwa hapa hatujapoteza hata kuku," alisema mmoja wa wenye mbuzi. "Anaenda kwao siku kumi, fisi inaingia. Anarudi, fisi inanyamaza. Sasa niambieni, hiyo fisi ni ya nani?"

"Si yeye anaziita za zamu ya pili? Umesikia mtu akiita mnyama hivyo?"

"Kwao huko wanafuga."

"Wafula," akasema mchinjaji mmoja, "jana ulikuja na basi ama ulipanda fisi?"

Watu walicheka. Wafula pia alicheka kidogo. Nadhani alifikiri utani ukiisha mambo yataisha. Kisha akaona hakuna anayemtazama machoni.

"Nimetoka kuzika baba yangu," alisema. "Hiyo shimo ilikuwa imefungwa kabisa. Mawe, dawa, kila kitu. Wamekosa chakula, wakaja kwenu. Jana nimefungua, usiku wamekuja kwa nani? Muulizeni huyu mtoto. Karani atawaambia. Huyo hakosei."

Bwana Gathogo akaniita nisimame. Mama alikuwa nyuma yangu. Aliweka mkono begani kwangu, na mkono ule ulikuwa mzito. Mbele yangu, kwenye benchi, alikaa Mama Wairimu na bandeji yake hadi vidoleni.

"Nyokabi, Wafula alikuagiza ufunike vipi?"

"Alisema nifunike juu juu tu."

"Na dawa?"

"Alisema nimwage kidogo, upande mmoja."

Hapo watu waliguna, wakageuka kulitazama shimo. Hakuna aliyeniuliza nilifunika vipi. Waliniuliza niliagizwaje, na nilijibu. Kila neno nililosema lilikuwa la kweli, na nililisema kwa sauti safi, kama nasoma darasani. Mama alijua. Aliyaona malengelenge yangu, aliyapaka mafuta mwenyewe.

Wafula alinitazama. "Ni kweli," alisema polepole. "Nilimwambia hivyo. Hajasema uongo." Akabaki amesimama palepale, kofia mkononi.

Bwana Gathogo alikohoa. "Fisi akimla muwele, mzima funga mlango," alisema, kama mtu anayesoma hukumu. "Mimi mlango wangu nafunga leo."

Kufika saa tisa Nekesa alikuwa amefunga godoro kwa kamba na kumbeba mtoto mgongoni. Wafula alibeba godoro kichwani na sufuria mkononi. Mtoto wao mkubwa alibeba karai. Walipita mbele ya kanisa wakati kwaya inafanya mazoezi, na kwaya haikuacha kuimba. Ila wimbo ulikuwa mwepesi bila ile sauti ya chini, kama nyumba iliyotolewa nguzo. Mimi niliwatazama nikiwa nyuma ya pipa la maji.

Wiki iliyofuata Bwana Gathogo alitia dawa ya kuogeshea ng'ombe katika mapafu na maini, akayatupa bondeni. Fisi saba walikufa. Wakafa na tai, wakafa na mbwa, pamoja na mbwa wa Cucu aliyekuwa mzee hata hakubweka tena. Cucu siku hiyo hakula. Waliwatupa fisi katika shimo lilelile, na Bwana Gathogo akaagiza niitwe mimi nije kusawazisha udongo, kwa kuwa ninajua kazi. Nilikwenda. Nilisawazisha.

Baada ya hapo bonde lilinyamaza, tukasema Mungu ni mwema. Kisha mifupa ikaanza kulundikana, kwa sababu hakuna mtu aliyeweza kufunika vizuri kila siku, hata mimi, shule zilipofunguliwa. Wakaja panya, wengi, wakiingia hadi kwenye vikapu vya mahindi. Wakaja mbwa wasio na wenyewe kutoka kila upande, na mmoja wao akamwuma mtoto wa mwalimu wa kwaya, na mtoto yule akafa kwa kichaa cha mbwa. Kabla ya mwaka kwisha bwana afya alikifunga kichinjio. Kuhusu Wafula hakuna aliyesema neno. Mama hajasema mpaka leo, na mimi sijamwuliza.

Mwaka jana mkubwa wangu wa kazi alinituma nipeleke karatasi za kutiwa sahihi nyumbani kwake Loresho. Nikawakuta wana wageni barazani, wanakunywa chai. Walikuwa wakizungumza habari za chui anayeishi kando ya mto, chini ya bustani zao, ambaye huchukua mbwa wa mtu mara mojamoja. Mama mwenye nyumba alisema wao hufungia mbwa wao mapema, na shingo za kuku za jikoni mpishi hutupa kule chini mtoni, basi chui hana haja ya kupanda. "Sisi ndio tulimkuta hapa," alisema. "Lazima tujifunze kukaa naye." Wageni wote walitikisa vichwa kwa jinsi alivyosema vizuri.

Nilikaa pale na faili magotini, nimewaka hasira. Wafula alifanya jambo lilelile kwa sepetu na karai, akaitwa mchawi. Huyu kwa shingo za kuku alikuwa anasifiwa. Nilirudi mjini nikiwa bado na hasira, na karibu niifurahie, mpaka nilipokumbuka kwamba si mama wa Loresho aliyemtoa Wafula chumbani kwake.

Nimejaribu kumtafuta. Nimewauliza watu wa Bungoma ninaokutana nao, nao huniuliza, Wafula yupi? Barua nimeandika nyingi na kuzichana zote, hii kwa neno lisilokaa sawa, ile kwa mstari uliopinda. Hata sijui kama alichokifanya shimoni kilikuwa busara au uvivu tu. Huenda mwenyewe hakujua. Ninachojua ni kwamba watu na fisi walikaa bila kuumizana kwa sababu alikuwapo mtu mmoja aliyeacha kazi yake nusu, kila siku, akatukanwa kwa hilo.

Ningependa kusema kwamba nilikuwa mdogo, kwamba sikuelewa, kwamba akili ilinijia ukubwani. Si kweli. Cucu alikuwa ameuliza swali jikoni, na Wafula mwenyewe alinijibu siku moja kabla ya mkutano. Nilielewa yote nikiwa nimesimama pale na mkono wa Mama begani.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kidogo. Nilidhani Wafula aliposema sijasema uongo alikuwa ananitetea, na kwa miaka nilijiliwaza kwa hilo. Sasa nadhani alikuwa ananingoja. Alisimama kitambo kile chote, kofia mkononi, ili niongeze sentensi moja. Nilikuwa nayo. Ilikuwa fupi, haikuwa na kosa lolote, na nilikuwa nimeshaipanga kichwani tayari kuisema, Bwana Gathogo alipokohoa nikakaa chini.